Flagi za GFP kwenye kerneli ya Linux: mnawaandikiaje wanaoanza mpaka waelewe?

draiva_mtaani

Wakuu habari za jioni. Niko kwenye timu ndogo tunaandika draiva za Linux, na nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya ndani kuhusu namna ya kuomba memori ndani ya kerneli, hasa hizi flagi za GFP (Get Free Pages), alama za kuiambia kerneli, yaani kiini cha Linux, memori ipatikane vipi, kama GFP_KERNEL, GFP_ATOMIC, GFP_NOWAIT, GFP_NOIO, GFP_NOFS, na zile nyingine zote zinazoanza na __GFP.

Nimeanza na jedwali. Kila flagi nimeipa mstari wake, biti zilizomo ndani, na sentensi moja ya maelezo, na nimelilinganisha na gfp_types.h ya kerneli tunayotumia mpaka likakaa sawasawa. Shida ni kwamba vijana wanalisoma, wanasema wameelewa, afu wakirudi kwenye kodi wanaweka GFP_ATOMIC kila mahali, hata kwenye probe (fanksheni inayoitwa kifaa kinapogunduliwa) ambako hakuna loki yoyote iliyoshikwa, kwa sababu kichwani mwao "haitalala", yaani haitasimama kusubiri, maana yake ni "salama". Na mwingine kaandika GFP_KERNEL | GFP_ATOMIC akiamini zikiungana anapata faida ya zote mbili.

Kwa hiyo swali langu, nyie mliowahi kuandika maelezo ya namna hii mnayapangaje? Mnaorodhesha flagi zote au mnachagua chache? Na ile habari ya nini kinatokea memori ikikosekana mnaieleza kwa kina gani, maana naona ukiingia huko ndani hutoki leo.

Mzee_wa_mm

Karibu mkuu, swali zuri na halina umri. Mwaka 2015 Mel Gorman, msanidi wa kerneli, alipokuwa anabadilisha hizi flagi kwa ajili ya kerneli 4.4, Andrew Morton, msimamizi wa upande wa memori, alimwambia kwamba sehemu za mbali za kerneli zina historia ndefu ya kutumia michanganyiko ya ajabu ya flagi za __GFP, na yeye anadhani sababu ni kwamba wao wenyewe hawakuieleza vizuri hiyo intafesi. Ndo hapo gfp.h ikapangwa upya, flagi zikawekwa kwenye makundi, zipi zinahusu zoni (maeneo ya memori), zipi zinahusu akiba, zipi zinahusu kukomboa memori, na ile michanganyiko iliyo tayari kutumika ikaandikiwa maelezo yake peke yake. Kwa hiyo hao vijana wako hawana tatizo la akili, wanapata shida ileile waliyopata waandishi wa draiva wengi wa Linux kabla yao.

Sasa kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni usianze na flagi. Anza na yule anayeomba yuko wapi. Mtu anayeandika draiva hajiulizi "__GFP_HIGH inafanya nini", anajiuliza "mimi hapa nilipo naruhusiwa kulala au siruhusiwi", na jibu la hilo halipo kwenye jedwali lako, liko kwenye mistari ishirini iliyo juu ya kmalloc yake, ile fanksheni ya kuomba memori. Ameshika spinloki, ile loki ambayo huruhusiwi kulala ukiwa nayo? Yuko ndani ya hendla ya intarapti (kodi inayoitikia kifaa kinapoikatiza CPU) au taima? Kama jibu ni hapana kwa yote, GFP_KERNEL na aendelee na kazi, hata memory-allocation.rst ya kerneli yenyewe inasema mara nyingi hiyo ndo unayoihitaji. Kama jibu ni ndiyo, hapo ndo GFP_NOWAIT inaingia, na GFP_ATOMIC inakuja baada ya hapo, tena ikiwa una sababu ya kugusa akiba.

Hilo la akiba ndo lazima uliandike kwa herufi nzito. GFP_ATOMIC haiko "salama zaidi". Inachofanya ni kwamba hairuhusiwi kusubiri, kwa hiyo inapewa ruhusa ya kushuka chini ya kiwango cha min cha zoni, ile memori ambayo kerneli inaitunza kwa ajili ya watu wasioweza kusubiri kabisa, kama vile draiva ya mtandao inayopokea paketi ndani ya intarapti. Probe inayotumia GFP_ATOMIC wakati ingeweza kulala inakula mbegu ya kupanda. Siku memori imebana, kile ambacho kingeokoa paketi kimeshachukuliwa na mtu ambaye angeweza kungoja kswapd (kazi ya kerneli inayokomboa memori kwa nyuma) au akakomboa kurasa mwenyewe.

Na huo mchanganyiko wa GFP_KERNEL | GFP_ATOMIC waeleze hivi: ndani ya GFP_KERNEL mna __GFP_DIRECT_RECLAIM, ambayo maana yake ni "naruhusu niende kukomboa memori mimi mwenyewe papa hapa", na huko njiani unaweza kulala. Ukiiunganisha na GFP_ATOMIC ile ruhusa ya kulala haiondoki, inabaki pale pale. Kwa hiyo mwenye spinloki akiandika hivyo atalala akiwa na loki mkononi, na kama wamewasha CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP wataona kwenye logi ule ujumbe wa "sleeping function called from invalid context". Hiyo konfigi iwe imewashwa kwenye mashine za majaribio siku zote, ni nusu ya maelezo yako.

Kama unataka mfano wa kuiga fungua drivers/usb/core/urb.c usome komenti iliyo juu ya usb_submit_urb. Haijaeleza biti hata moja. Inasema tumia GFP_ATOMIC ukiwa ndani ya hendla ya kumaliza urb (ombi la USB), intarapti, tasklet au taima, au ukiwa umeshika spinloki au rwlock, tumia GFP_NOIO ukiwa kwenye njia ya I/O ya vifaa vya kuhifadhi data, sehemu nyingine zote GFP_KERNEL. Mtu anaisoma akiwa katikati ya kazi anaondoka na jibu. Hivo ndo maelezo yanatakiwa yawe.

binti_wa_inode

Nakubaliana na Mzee kwa asilimia kubwa ila naomba niongeze upande wa faili sistemu kwa sababu huku ndo maelezo mabovu yameleta madhara ya miaka mingi.

Draiva_mtaani, ukifika kwenye GFP_NOFS na GFP_NOIO usiandike tu "haigusi faili sistemu" na "haianzishi I/O", maana hiyo ni tafsiri ya jina, haimwambii mtu kwa nini. Andika hadithi nzima. Faili sistemu imeshika loki yake, ndani ya hiyo loki inaomba memori kwa GFP_KERNEL, memori imeisha, kerneli inaanza kukomboa kurasa, na katika kukomboa inaiita faili sistemu ileile iipunguzie kashe ya inode (rekodi za faili), nayo inaitaka ileile loki ambayo imeshashikwa na huyo huyo aliyeomba. Basi, hakuna anayesogea tena. Ukishaeleza hivyo mtu anajua mwenyewe lini anaihitaji.

Kwa kuwa hiyo hadithi haikuandikwa mahali panapoonekana, watu walikuwa wanaweka GFP_NOFS "kwa tahadhari tu" kwenye kila fanksheni ya faili sistemu, na tahadhari hiyo ina gharama kubwa: ombi la GFP_NOFS haliwezi kukomboa vitu vingi, kwa hiyo ukiwa na maombi mengi ya aina hiyo kerneli inabaki na mikono imefungwa wakati kuna kashe kubwa tu ya kutupa. Na ukikuta GFP_NOFS kwenye kodi ya miaka kumi nyuma huwezi kujua kama kuna loki ya kweli au ni hofu ya aliyeiandika. Huwezi kuitoa, huwezi kuiamini.

Ndo maana tangu 4.12, mwaka 2017, kuna memalloc_nofs_save na memalloc_nofs_restore, na ndugu yake memalloc_noio_save ambaye alitangulia 2013 kwenye 3.9. Badala ya kuweka flagi kwenye kila ombi, unafungua eneo pale hatari inapoanzia, mfano unapoanza transaksheni au unaposhika hiyo loki, na kila ombi litakalofanyika ndani ya eneo hilo, hata ndani ya fanksheni za watu wengine ambazo hazijui habari zako, linageuzwa kuwa NOFS. Ukimaliza unafunga. Na maelezo ya kerneli, ile gfp_mask-from-fs-io.rst, inakutaka uandike hapohapo kwa nini eneo hilo lipo na ni loki gani inahusika. Kwangu mimi hilo ndo jambo kubwa kuliko hata API yenyewe, sababu inaandikwa mara moja, mahali pamoja, pale inapoanzia, na anayekuja miaka mitano baadaye anaikuta.

Mfano mwingine wa kuwaonyesha vijana ni GFP_TEMPORARY. Iliingia 2007, jina zuri, kila mtu anaisoma anadhani ameelewa, "memori ya muda mfupi". Muda mfupi kiasi gani? Sekunde? Mpaka fanksheni irudi? Unaruhusiwa kulala ukiwa umeishika? Hapakuwa na jibu lililoandikwa, kila mmoja akaitumia kwa maana yake, na 2017 ikaondolewa kerneli nzima. Flagi isiyokuwa na maana iliyoandikwa haikuweza kurekebishwa tena, ilibidi itolewe.

logi_kwanza

Samahanini wakuu, mimi nitapinga kidogo. Mnamwambia jamaa asianze na biti, sawa, lakini msimfanye atupe lile jedwali. Mimi kazi yangu ni kusoma logi za seva zikishaanguka, na kwenye logi hakuna "niko ndani ya intarapti", kuna "page allocation failure: order:4, mode:0x" fulani. Hapo mtu asiyejua biti anafanya nini?

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, ulikuwa unapewa namba tupu. Unaona mode:0x20 unatakiwa ujue ni GFP_ATOMIC, unaona 0xd0 unajua ni GFP_KERNEL. Tangu 2016 kerneli inaandika na jina pembeni, kama 0xcc0(GFP_KERNEL), na hiyo ni msaada mkubwa sana, lakini jina likiwa na nyongeza tatu nne zimeunganishwa na alama ya | bado unahitaji kujua kila moja inaondoa nini na inaongeza nini.

Na namba zinabadilika! GFP_ATOMIC kwenye logi za zamani ni 0x20, kwenye kerneli za 5.x ni 0xa20 kwa sababu kulikuwa na biti inaitwa __GFP_ATOMIC, na tangu hiyo biti itolewe kwenye 6.3 unaona 0x820. Jina moja, namba tatu. Kwa hiyo kama jedwali lako lina namba, mkuu, andika juu yake ni la kerneli ipi, la sivyo mtu atasoma logi ya seva ya zamani kwa jedwali jipya na atafika mahali ambako siko.

Halafu kitu kingine ambacho maelezo mengi yanakiruka ni hiyo order, yaani ukubwa wa ombi ukihesabiwa kama kipeo cha 2 cha kurasa. Flagi peke yake haisemi kitu bila ukubwa wa ombi. Kwenye kerneli kuna kikomo kinaitwa PAGE_ALLOC_COSTLY_ORDER na thamani yake ni 3, yaani kurasa 8 zilizofuatana, ambazo kwa kurasa za KB 4 ni KB 32. Chini ya hapo kerneli inahangaika sana kabla ya kukunyima, juu ya hapo inakunyima mapema. Flagi ni ileile GFP_KERNEL, tabia ni mbili tofauti. Ukiona order:4 imeshindwa, swali la kwanza ni kama kweli walihitaji kurasa zilizofuatana, kwa sababu kama hawakuhitaji kvmalloc ingewatosha, inajaribu kmalloc kwanza ikikosa inarudi kwenye vmalloc, ambayo kurasa zake si lazima zifuatane.

draiva_mtaani

Asanteni sana wakuu, nimepata vitu ambavyo sikutegemea. Nimepanga upya hivi: mwanzo kabisa ni maswali ya Mzee, unaruhusiwa kulala, umeshika nini, nani amekuita. Jedwali nimelipeleka mwisho kwa ajili ya wasoma logi na nimeandika toleo la kerneli juu yake. NOFS na NOIO zina sura yao yenye hadithi ya loki.

Kuna aya mbili naomba mnisomee:

"Ombi dogo la GFP_KERNEL halishindwi, kerneli itaendelea kukomboa memori mpaka lipatikane."

"Kama fanksheni yako inaweza kuitwa kutoka sehemu zinazolala na zisizolala, angalia in_atomic() kisha chagua kati ya GFP_KERNEL na GFP_ATOMIC."

Mzee_wa_mm

Zote mbili zirekebishe kabla hazijatoka, hasa ya pili.

Kuanza na hiyo ya pili, in_atomic(), inayouliza kama uko mahali pasipolalika, haiwezi kukwambia ukweli. Kwenye kerneli ambayo haihesabu preemption (kukatiza kazi moja ili nyingine iendeshwe), kushika spinloki hakuachi alama yoyote ambayo in_atomic() inaweza kuiona, kwa hiyo itakujibu "uko huru" na wewe umeshika loki. Kwenye mashine yako ya majaribio inafanya kazi vizuri, kwenye ya mteja mwenye konfigi tofauti inalala na loki. Jibu sahihi ni fanksheni ipokee gfp_t (aina ya data ya hizi flagi) kama agyumenti na anayeita aseme mwenyewe, kwa sababu yeye ndo anajua ameshika nini. Angalia usb_submit_urb tena, ndo inavyofanya. Na kwenye komenti ya fanksheni yako uandike wazi kama inaweza kulala na katika hali zipi, hiyo sentensi moja ina faida kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya flagi.

Kuhusu aya ya kwanza, ulichoandika ndo tabia ya kweli ya leo kwa kiasi kikubwa, ombi la GFP_KERNEL lisilozidi order 3 kwa kawaida kerneli inazunguka nalo, ikibidi inaita OOM, ile sehemu inayoua prosesi memori ikiisha, iue prosesi, na ni nadra sana kukunyima. Lakini hiyo ni tabia, siyo ahadi. Maelezo rasmi yanasema hivyo waziwazi, kwamba hakuna uhakika na lazima uangalie kama umerudishiwa NULL, yaani hukupata memori, na kuna hali inashindwa kweli, kwa mfano prosesi yenyewe inayoomba ikiwa imeshachaguliwa na OOM kufa. Ukiwaandikia vijana "halishindwi" wataacha kuangalia NULL, na hata wakiangalia hawataijaribu ile njia ya makosa, itakaa miaka bila kuendeshwa mpaka siku inayoendeshwa ndo inagundulika inaachilia loki mara mbili. Watu wa kerneli walishaligundua hilo, mwaka 2014 palikuwa na mjadala mkubwa kuhusu hii sheria ambayo haikuandikwa popote, kwamba maombi madogo hayashindwi, waandishi wa faili sistemu wakashtuka kwa sababu walikuwa wamejenga njia za makosa wakidhani zinatumika.

Kwa hiyo kwenye maelezo tenganisha vitu viwili kwa maneno tofauti kabisa: kile ambacho flagi inaahidi, na kile ambacho kerneli ya leo inafanya. Anayehitaji ahadi ya kutoshindwa aseme __GFP_NOFAIL na aeleze kwa nini hawezi kurudi nyuma, na aitumie kwa maombi madogo tu, na pale panapolalika tu, maana haiendani na GFP_ATOMIC. Anayetaka kerneli ihangaike ila isiue prosesi ya mtu aseme __GFP_RETRY_MAYFAIL. Mwenye mpango wa pili tayari mkononi, kama vile kuomba kipande kidogo zaidi, aseme __GFP_NORETRY na __GFP_NOWARN asijaze logi.

kodi_ya_usiku

Naingilia kwa swali dogo wakuu. GFP_DMA naweka au siweki kwenye hayo maelezo? Nimeona draiva nyingi za zamani zinaandika kmalloc(ukubwa, GFP_DMA) peke yake.

binti_wa_inode

Weka lakini kwa ajili ya kuwaambia wasiitumie. GFP_DMA inasema memori itoke zoni ipi tu, kwenye x86 ni ile MB 16 ya mwanzo iliyobaki kwa ajili ya vifaa vya zamani vya ISA vinavyofikia memori vyenyewe (DMA). Haina ndani yake ruhusa yoyote ya kukomboa, wala ya kuiamsha kswapd. Kwa hiyo ikiandikwa peke yake unaomba kwenye zoni ndogo kuliko zote na huruhusu kerneli ikusaidie. Waliotaka kweli iliwapasa waandike GFP_KERNEL | GFP_DMA. Ila draiva mpya isiguse hapo kabisa, itangaze kifaa kinafikia anwani za biti ngapi kwa dma_set_mask_and_coherent kisha iombe kwa dma_alloc_coherent, zoni itachaguliwa na kerneli yenyewe.

logi_kwanza

Na moja la mwisho kwa draiva_mtaani, kama draiva yenu ina ioctl (mlango wa programu kuiagiza draiva) ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuiita mara nyingi na kila mara mnaomba memori inayobaki, hayo maombi yawe GFP_KERNEL_ACCOUNT ili yahesabiwe kwenye cgroup (kundi la prosesi lenye kikomo chake cha rasilimali) ya huyo mtumiaji. Bila hivyo konteina moja inaweza kumaliza memori ya mashine nzima na kikomo chake kikaonyesha haijatumia kitu. Hii ipo kwenye memory-allocation.rst lakini watu wengi wanaishia juu ya ukurasa.

draiva_mtaani

Nimeongeza hilo la ioctl, tunazo mbili za namna hiyo. Aya ya in_atomic() nimeifuta nimeweka ya gfp_t, na ile ya kwanza sasa inasomeka hivi: "Ombi dogo la GFP_KERNEL ni nadra kushindwa kwenye kerneli ya sasa, lakini hakuna aliyekuahidi. Angalia NULL, na ijaribu hiyo njia kwa failslab kabla ya kuleta pachi." Failslab, ile ya kufanya maombi ya memori yashindwe makusudi, nimeiwasha kwenye mashine ya majaribio leo jioni, matokeo ya kwanza nitayaweka hapa kesho.

Mzee_wa_mm

Hiyo imekaa vizuri. Ukiwasha failslab anza na probability ndogo na uwashe task-filter ili ulenge prosesi yako tu kupitia make-it-fail, la sivyo mashine nzima itaanza kukosa memori na hutajua kosa ni la nani.